Naomba ushauri: pasi ya msimu ya skii kwa familia ya watu watano, Japani

BabaWatatu_JP (mleta mada)

Wakuu habari za majukumu. Nipo Takasaki, mkoa wa Gunma, nafanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari. Baridi ndiyo hiyo inaingia na nimeamua msimu huu familia yangu nayo ikateleze kwenye theluji kama familia za wenzangu kazini. Tuko watano: mimi, mama watoto na watoto watatu.

Kuna kilima kimoja upande wa Yuzawa, mkoa wa Niigata, saa moja hivi kwa gari. Wanauza pasi ya msimu kwa bei ya mapema, ile hayawari. Mtu mzima yeni 45,000, mtoto 15,000, mwisho tarehe 31 mwezi huu. Ikipita hapo mtu mzima inaruka hadi 60,000. Tiketi ya siku ni 5,000 mtu mzima, 2,500 mtoto.

Swali langu ni moja tu: nichukue pasi za msimu au niwe nalipa kwa siku? Naomba majibu ya watu waliowahi, usingizi sipati. Matusi sitaki.

Kijana wa Buguruni

Sisi huku tunawaza maji yatatoka lini, wewe unakosa usingizi kwa kuwaza kuserereka kwenye barafu. Haya, nimekaa paleee na karanga zangu.

Mzee wa Yadi

Kabla ya pasi, una matairi ya theluji? Mimi nipo Saitama kwenye biashara ya magari kabla wengine humu hamjazaliwa. Siku moja nilibeba mashemeji zangu waliokuja kutembea, jua linawaka, Gunma yote lami kavu, nikajisemea matairi ya nini. Lile handaki la barabara ya Kan-Etsu, la kwenda Yuzawa, lina kilomita 11. Upepo wa Bahari ya Japani unabeba unyevu, unagonga milima upande wa Niigata na kuimwaga theluji yote kulekule. Huku Gunma unafika mkavu, ndiyo maana unadanganyika. Unaingia handakini kiangazi, unatokea ndani ya friji. Sasa kabla ya handaki kulikuwa na wakaguzi wa matairi. Waliangalia yangu, wakaniangalia mimi, wakanionyesha pa kugeuzia. Mashemeji kimya mpaka Saitama.

Chizi wa Sapporo

Achana na vilima vya huko, njoo Hokkaido uone theluji. Ukitaka pasi chukua za kimataifa. Epic inakupa siku tano Rusutsu ya hukuhuku na tano Hakuba ya Nagano, Ikon inakuingiza Niseko. Ukisema ununue tiketi dirishani Niseko, siku moja ni zaidi ya yeni 10,000.

Kijana wa Buguruni

Kaulizwa Yuzawa, kajibu Hokkaido. Mtu anauliza nauli ya Kibaha wewe unampeleka Bukoba.

Tausi77

Kaka, mimi nilikuja kusoma Urasa, nikaolewa hukuhuku Minami-Uonuma, theluji naizoa kwa koleo kila mwaka. Hesabu yako ni rahisi: 45,000 ukigawanya kwa 5,000 ni siku tisa. Mtoto ni siku sita. Ukiteleza zaidi ya hapo pasi imekulipa, chini ya hapo umekichangia kilima.

Lakini nijibu kwanza. Watoto wana umri gani? Viatu vyao namba ngapi? Wewe kazini mnapumzika Jumamosi?

BabaWatatu_JP

Ahsante dada Tausi. Watoto ni miaka tisa, sita na miwili. Jumamosi tunaingia mara nyingi, Jumapili nipo huru. Viatu nitawapima.

Tausi77

Huyo wa miaka miwili unamnunulia pasi ya kwenda wapi? Wasiofika umri wa shule vilima vingi havitozi, na wa miaka miwili hata lifti hapandi. Huyo ni wa kukokotwa kwenye sori, kile kitelezi cha kukalia, kule kwenye uwanja wa watoto, mama yake anashika kamba.

Na wa miaka tisa, kabla hujatoa hata yeni, angalia vilima vya kampuni ya Prince. Naeba wamekuwa wakipandisha bure watoto wa shule ya msingi, masharti ya msimu huu yapo kwenye tovuti yao. Pia ulizia siku za watoto. Kuna vilima, Nagano hasa, Jumapili ya tatu ya mwezi mtoto halipi lifti. Wewe Jumapili ndiyo siku yako.

Viatu pima leo, maana mavazi na vifaa ndiyo vinavyomaliza hela. Usinunue vipya. Nenda maduka ya mitumba, Off House au 2nd Street, mwezi huu vimejaa. Au kodi kwa msimu mzima, kuna maduka yanakodishia watoto skii na viatu mpaka masika.

Mwalimu Mstaafu

Kijana, nimekupigia hesabu. Watu wazima wawili na watoto watatu ni yeni 135,000. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni mbili, za kupanda kiti kinachokupeleka juu ili uteremke. Sikuhukumu. Nakuuliza tu, nyumbani umejenga?

BabaWatatu_JP

Shikamoo Mwalimu. Nyumba ipo Kihonda, imefika lenta.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Imefika lenta tangu lini?

Nesi Nagoya

Mwacheni mtu aishi. Mimi nachangia la afya tu: nilivunja kifundo cha mkono siku ya kwanza, tena nikiwa nimesimama kwenye foleni, mtoto wa watu akaja na kunizoa. Bima ya taifa inabeba asilimia 70, lakini ukimgonga mtu wewe, fidia inatoka mfukoni mwako. Chukua bima ya dhima, ni hela ndogo kwa mwezi. Na kofia ngumu kwa watoto si jambo la kujadili.

Tausi77

Kaka, naona umejibu ya Mwalimu ya nyumba umeruka ya viatu. Mtoto yupo sebuleni hapo, unachukua rula, dakika moja. Kwani hawapo?

BabaWatatu_JP

Kuhusu kupima nitapima, hilo lisitutoe kwenye mada. Mada ni pasi.

Nesi Nagoya

Hawapo.

Kijana wa Buguruni

Hawapo 😂😂 Sogezeni viti.

BabaWatatu_JP

Sawa. Wapo Morogoro na mama yao. Maombi ya COE, ile hati ya uhamiaji inayotangulia viza, niliyapeleka mwezi wa tisa, nasubiri. Sikusema mwanzoni kwa sababu nilijua mtaacha swali mtaanza ya viza. Watakuja. Kazini wamenipa barua zote, nyumba ya vyumba viwili nimeshapata, vyeti vya kuzaliwa vimetafsiriwa. Na mtoto wa kwanza nimeshamwonyesha kilima chenyewe kwa video, anauliza kila simu. Hayawari haimsubiri mtu.

Tausi77

Haya, sasa tunaongea. COE mwezi mmoja mpaka mitatu, na hiyo mitatu si ajabu. Ikitoka siku hizi inakuja hata kwa barua pepe, unawatumia, wanaenda kuomba viza ubalozi wa Japani pale Dar. Halafu tiketi za watu wanne. Halafu mkifika kuna manispaa, bima, shule. Wakiwahi sana ni Desemba mwishoni. Wakichelewa ni Februari. Na wewe una Jumapili tu. Zihesabu Jumapili za Februari na Machi uone kama zinafika tisa, na hapo hujatoa ya mafua na ya mtoto kulia anataka kurudi.

Ushauri wangu: usinunue. Wakitua, nunua tiketi za siku, zile za mapema zinazouzwa maduka ya Seven-Eleven au Lawson huwa chini ya bei ya dirishani. Na kuna vilima vinauza pasi ya masika kuanzia Machi. Kagura inaendelea hadi Mei, Gala Yuzawa inafika sikukuu za mwanzo wa Mei. Machi jua lipo, theluji imelainika, mtoto wa Morogoro hafi ganzi. Ukimpeleka Januari kwenye dhoruba siku ya kwanza, skii itakuwa imeisha hapo.

BabaWatatu_JP

Nimekuelewa dada, ila yangu na ya mama watoto nimeshalipia jana usiku. Hairudishwi. Hapa nauliza za watoto tu.

Nesi Nagoya

Umeomba ushauri leo wa kitu ulicholipia jana?

BabaWatatu_JP

Ningechelewa ningelipa 60,000. Hapo nimeokoa 30,000 kwa sisi wawili. Na mimi hata wasipowahi nitakuwa naenda mwenyewe kujifunza ili wakija niwafundishe, mwalimu wa kule analipwa hela nyingi.

Mzee wa Yadi

Wewe umeshawahi kuteleza?

BabaWatatu_JP

Nilienda na wenzangu wa kazini. Wao waliteleza, mimi nilibaki mgahawani na wali wa katsu kare. Lakini niliangalia sana, na mbinu nimezishika.

Kijana wa Buguruni

Kocha wa jukwaani.

Jicho la Tatu

Naomba niwaamshe. Hii ni chai, tena imekolea tangawizi.

Moja: pasi ya msimu inawekwa picha ya mwenyewe, na huwezi kumpa mtu mwingine. Sasa huyu amemnunulia pasi mtu aliye Morogoro, walimpiga picha wapi? Mbili: mwaka jana kwenye uzi wa shule za bweni mleta mada aliandika yupo Toronto na ana mtoto mmoja. Leo yupo Gunma na watatu. Mwaka kesho atakuwa Oslo na saba.

Kijana wa Buguruni

Watoto wanazaliwa kwa hayawari 😂

BabaWatatu_JP

Picha unapakia mtandaoni wakati wa kununua, nilitumia ya pasipoti yake. Na ile ya Toronto si mimi, akaunti hii tulikuwa tunatumia na mdogo wangu. Yeye ndiye yupo Kanada.

Jicho la Tatu

Akaunti ya ukoo. Haya.

Mzee wa Yadi

Tumpime. BabaWatatu, ukitoka hapo Takasaki kwenda Yuzawa kwa treni ya kawaida, siyo shinkansen, unabadilisha wapi? Na kituo chenye ngazi za kuua mtu ni kipi?

BabaWatatu_JP

Unabadilisha Minakami. Kituo ni Doai. Jukwaa la kwenda upande wa Niigata lipo chini kabisa ndani ya handaki, mpaka utoke nje ni ngazi 486. Nilishuka nikidhani kuna lifti.

Jicho la Tatu

Hiyo hata Google inajua. Weka picha ya risiti.

Nesi Nagoya

Jicho, wewe kila uzi ni chai. Ule wa mama wa figo uliita chai mpaka mtu akaleta karatasi za hospitali, ukapotea wiki nzima.

Mwalimu Mstaafu

Iwe kweli au uongo, swali la lenta halijajibiwa.

Chizi wa Sapporo

Huku kilima cha Teine mnateleza mnaiona bahari na jiji lote la Sapporo chini, baadhi ya mashindano ya Olimpiki ya 1972 yalifanyika hapohapo. Nasema tu.

BabaWatatu_JP

Risiti siweki, ina jina langu na anwani. Anayeona natunga apite, wengine wanaonijibu wananisaidia. Dada Tausi, za watoto basi nimeziacha. Ila nauliza, ya mama watoto kweli ndiyo imeshapotea kama wakija Februari?

Tausi77

Pasi kwa kawaida wanaichapisha karibu na ufunguzi, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Kabla haijachapishwa piga simu ofisi ya kilima, usitume ujumbe, piga. Waeleze kwamba mwenye pasi yupo nje na viza inasubiriwa. Uliza mawili: kama wanaweza kukugeuzia iwe tiketi za siku, au waihamishie msimu ujao. Wakikataa wamekataa. Ila usije ukampa mtu mwingine ateleze nayo. Ikikamatwa wanaichukua, na kilima kidogo kila mtu anakujua, Mwafrika ndiyo kabisa.

BabaWatatu_JP

Kijapani changu cha kwenye simu kinanitoa jasho. Ana kwa ana naelewana na watu, ila simu hapana.

Tausi77

Njoo PM na jina la kilima, Jumatatu nitapiga. Na namba za viatu waambie Morogoro wapime leo kwa sentimita, Japani viatu vinauzwa kwa sentimita. Mtoto akae na soksi nene.

Jicho la Tatu

Tausi mrudi hapa mtuambie walisema nini. Nipo.

Mzee wa Yadi

Hakuna aliyejibu la matairi. BabaWatatu unaendesha gari gani?

BabaWatatu_JP

Wish, ya 2009.

Mzee wa Yadi

195/65, inchi 15. Ninayo manne ya theluji hapa yadi, yametumika msimu mmoja, na rimu zake. 28,000 unakuja kuchukua mwenyewe.

BabaWatatu_JP

20,000 mzee wangu, nimeshalipia pasi mbili.

Mzee wa Yadi

25,000, na nakufungia bure. Uje kabla theluji haijaanguka, ikishaanguka bei ni nyingine.