Naomba ushauri: kufunika bega kwa msuli wa mgongo

Wakubwa wa upasuaji, hapa Goma kuna kidonda cha risasi mbele ya bega, sentimita 12 kwa 8, mfupa uko wazi, kimesafishwa mara mbili. Mpango ni kuzungusha latisimasi dorsi (msuli mpana wa mgongo) pamoja na ngozi yenye upana wa sentimita 8, ili mgongo ushoneke bila kuvutana. Shaka ni kwapa: risasi ilipita karibu na ateri ya torakodosali, inayolisha msuli huo. Doppler ya mkononi (kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu) inasikika, ila huenda ni damu inayorudi kinyume kupitia tawi la serato (msuli wa ubavuni). Tawi hilo tusilikate kabisa, hata msuli ukifika kwa shida? Au tutumie pektorali kubwa (msuli wa kifua), ambayo ateri yake hutokea chini ya mtulinga? Na dreni (mrija wa kutoa majimaji) ya mgongoni mnaitoa ikishuka chini ya mililita 30 kwa siku? Majimaji hujikusanya sana pale.