Tupeane uzoefu: ni nini hasa kilikusaidia kuacha kuuonea aibu mwili wako?

Mwanzisha mada, Morogoro

Dada zangu na mama zangu, salaam. Ninaamini kwamba hakuna mwanamke aliyezaliwa akiuonea aibu mwili wake. Aibu hiyo tunakabidhiwa, na mara nyingi wanaotukabidhi ni watu wanaotupenda: shangazi anayekukagua mlangoni kabla hajaitikia shikamoo yako, wifi anayeuliza mbele ya wageni kama kuna mtoto mwingine aliyebaki tumboni, jirani anayekuita kibonge tangu ukiwa darasa la tatu mpaka unamaliza shule. Kwa kuwa maneno hayo husemwa kwa mzaha au kwa mapenzi, anayeambiwa hapewi nafasi ya kujibu, na yule anayejibu huonekana hana adabu.

Nitaanza mimi. Kwa miaka mingi nilimpelekea fundi cherehani gauni la zamani ili achukue vipimo humo, kwa sababu sikutaka anizungushie futi na kuyasoma maungo yangu kwa sauti mbele ya wateja wengine. Nilishona nguo za mwili niliotarajia kuupata, nikawa nazitunza kabatini. Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja aliyenipima shinikizo la damu na sukari, akanieleza majibu yangu taratibu, akanipangia siku ya kurudi, bila kucheka wala kunisimanga kwa unene wangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzungumza na mtu kuhusu mwili wangu kama kitu cha kutunzwa. Siku hizi natembea kila asubuhi kwa ajili ya moyo wangu, na fundi ananipima upya kila ninaposhona.

Naomba tusishauriane hapa dawa za kupunguza mwili. Tuelezane neno lililokukaa, na jambo la vitendo lililokuondolea uzito wake.

Mchangiaji, Tanga

Nilikua nikilinganishwa na dada yangu mweupe, na nilipoanza kupata mshahara wangu mwenyewe, fedha za mwanzo zilikwenda kwenye mkorogo, mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi. Muuzaji alichanganya krimu kadhaa katika kopo lisilo na maandishi yoyote. Baadaye daktari wa ngozi alinieleza kwamba michanganyiko ya aina hiyo mara nyingi huwa na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki, au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe) ambazo hazipaswi kutumiwa bila cheti cha daktari. Uso wangu ulikuwa mweupe huku vifundo vya vidole vikibaki vyeusi. Kisha ngozi ikawa nyembamba hadi mishipa ikaonekana, michirizi ikajitokeza mapajani, na jua la saa nne likawa adhabu. Zebaki hupenya kwenye ngozi na inaweza kuharibu figo, ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulizitaka nchi wanachama ziache ifikapo 2020 kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kila kilo. Hayo yote niliyajua nikiwa bado natumia. Mtu aliyefundishwa kwamba rangi yake ni kasoro anaweza kuyataja madhara moja baada ya jingine, na jioni akajipaka kama kawaida.

Mambo yalibadilika mdogo wangu alipokuwa ndani akisubiri harusi. Nilikuwa nasaidia kutayarisha singo ya kumsugua biharusi mwilini, yenye maua ya asumini, mawaridi, mlangilangi na liwa, wakati somo wake, bibi mtu mzima sana aliyekuwa akimfunda, aliposhika mkono wangu na kuvitazama vile vidole. Hakunisuta. Alinikalisha mkekani karibu na biharusi, akanipaka singo mikononi kwa mkono mwepesi, kidole kwa kidole, bila kutaja rangi hata mara moja. Sikumbuki kuwa kabla ya hapo niliwahi kuguswa na mtu asiyetafuta cha kurekebisha. Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali. Rangi yangu imerudi kwa mabaka, na sehemu nyingine bado hazijarudi, lakini picha zangu za sasa nazitundika ukutani.

Mchangiaji, Bukoba

Mimi nilionewa kwa wembamba. Nimekulia Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walibainika mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo silimu kutokana na jinsi ulivyowakondesha. Kwa hiyo msichana mwembamba wa kwetu alitazamwa kwa hofu. Watu walihesabu mifupa ya shingo yake, wakanong'ona, na mama wa wavulana wakawaonya watoto wao. Nilivaa sketi mbili kwa pamoja hata wakati wa joto. Nilitumia pia vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya, ambavyo vingi ni dawa za mzio au steroidi zinazopewa kazi isiyo yake, na uso ulivimba huku miguu ikibaki vilevile.

Mama yangu ndiye aliyenitua mzigo huo. Katika kikao cha ukoo, mmoja wa wakubwa aliuliza kwa nini mtoto anazidi kukonda. Mama, ambaye kwa kawaida hasemi mbele ya wakubwa, alipiga goti, akajibu kwa heshima, "Huyu amenifuata mimi, nami nilimfuata mama yangu, ambaye nyote mlimzika akiwa mzee." Hakuna aliyeuliza tena. Nawasihi akina mama mnaosoma hapa mjue kwamba jibu lenu moja, likitolewa mbele ya watu na mtoto akiwa anasikia, linaweza kumtosha kwa maisha yake yote.

Mchangiaji, Nairobi

Niliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, na kwa muda mrefu nilioga taa ikiwa imezimwa. Watu walinifariji sana, nami nawashukuru, lakini kilichonisaidia zaidi ni mazoezi ya mkono. Tezi za kwapani zilikuwa zimeondolewa pia, na mtaalamu wa viungo alinieleza kwamba mkono ungeweza kuvimba nisipoushughulisha, kwa hiyo ilinibidi nisimame mbele ya kioo kila siku na kuutazama upande ule. Katika kikundi cha wagonjwa nilipewa titi bandia lililofumwa kwa uzi wa pamba, jepesi, linalofulika. Nalivaa kanisani na kazini. Nyumbani silivai, na binti yangu amezoea kuniona hivyo.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Ninaona kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyeponywa na sifa za urembo, bali kila mmoja alipata mtu au kazi iliyomfanya auhudumie mwili wake, na jambo hilo linanigusa kuliko nilivyotarajia.

Mchangiaji, Dodoma

Samahani dada wa Tanga, mimi bado natumia mkorogo. Nikiukosa siku mbili uso unawaka na kuwasha, kwa hiyo narudia. Naanzia wapi?

Mchangiaji, Tanga

Pole, mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza. Kuwaka huko huweza kutokea ngozi iliyozoea steroidi inapozikosa, na daktari anaweza kukupunguzia hatua kwa hatua badala ya wewe kupambana peke yako. Omba rufaa ya kliniki ya ngozi. Muhimbili wanayo, na kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi wa kanda yetu. Beba makopo yote unayotumia, hata yasiyo na maandishi, na umwambie daktari umetumia kwa muda gani. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie hilo kwanza kabla ya jambo lolote.