Dogo ana mbio kinoma, anataka kuwa winga wa ragbi ligi. Inawezekana au anaota?

Mjomba wa Nkuhungu:
Wakuu habari za jioni. Niko hapa Dodoma, nina mpwa wangu yuko fomu tatu kule Mpwapwa, ana mbio si za kawaida, UMISSETA ya wilaya aliwaacha wenzake mpaka watu wakadhani kaanza kabla ya filimbi. Mwalimu alimpima mita 100 kwa saa ya simu akapata 10.9. Sasa likizo hii kaja kwangu, bando langu lote linaishia kwenye klipu za jamaa anaitwa Martin Offiah, Mwingereza wa wazazi Wanaijeria, fainali ya Kombe la Challenge ya 1994 pale Wembley, yeye yuko Wigan, anaupata mpira karibu na mstari wa kwao anatimka nao uwanja mzima, beki wa mwisho wa Leeds anapitwa kama kasimama, halafu jamaa anapiga magoti. Na mimi nimeiangalia kama mara 20 sikatai. Dogo anasema hataki boli hataki riadha, anataka hiyo. Dada yangu anasema nimemharibia mtoto. Mwenye uelewa anisaidie, mtu mwenye mbio si anaingia tu?

kitunguu_saumu:
10.9 kwa saa ya simu, Dodoma hii hii? Upepo ulikuwa unatokea upande gani mkuu 😂 mwezi wa saba huku hata ndoo tupu inakimbia 10.9

Babu Kizota:
Mleta mada, nilisoma Leeds miaka mitatu na kule kaskazini ya Uingereza ragbi ligi ndo dini yao, ilianza 1895 pale Huddersfield baada ya timu za wafanyakazi kutaka wachezaji wafidiwe mshahara wa siku wanazokosa kazini, wakubwa wakagoma, wakajitenga. Wako 13 kila upande, sio 15 kama ragbi ile nyingine. Mkiangushwa mara 6 mkiwa na mpira, unaenda kwa wapinzani, kwaiyo wengi wakifika ya 5 wanaupiga juu kwa mguu kuelekea kona. Na kona anakaa nani? Winga. Hapo ndo watu wanapokosea, wanaona trai (ndo bao la ragbi, unaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) kwenye klipu hawaoni dakika nyingine zote, mpira unashuka toka mawinguni, jitu la kilo 100 linakuja kwa kasi, wewe macho juu na lazima udake. Ukishadaka ndo unabeba mpira kutoka nyuma kabisa unaingia katikati ya majitu upunguze hata hatua kumi, wenzako wapumue. Kazi ya punda asee.

Mbio peke yake haitoshi na ushahidi upo. Dwain Chambers, Mwingereza wa riadha, ameshakimbia 9.97, 2008 akashinda fedha ya mita 60 kwenye mashindano ya dunia ya ukumbini, mwaka huohuo akaenda kujaribiwa Castleford Tigers, timu ya ragbi ligi. Wakampa mechi ya timu ya akiba. Mkataba hakupata. Wakati Offiah alikuwa tayari anacheza ragbi ile ya watu 15 kabla Widnes hawajamchukua 1987, mikono alikuwa nayo, mbio zikaja juu yake, 1992 Wigan wakamnunua kwa pauni 440,000 na amemaliza na trai 501. Halafu juu yake kuna Brian Bevan wa Warrington, Muaustralia mwembamba kama ufito, trai 796 na hakuna aliyemfikia.

Mzabibu41:
Hela iko Australia zaidi kuliko Uingereza, ila kule unashindana na watoto walioanza kushika huo mpira kabla ya kujua kusoma, tusimdanganye dogo. Njia ya karibu ni ragbi ya saba saba, ya watu 7 kila upande, iko Olimpiki tangu 2016, na jirani zetu Kenya walibeba kombe la mashindano ya Singapore mwaka huohuo, Collins Injera alikuwa winga wa hatari pale. Aanze na watu wa ragbi wa Arusha au Dar, hii ya 15 na ya 7 ndo ipo Bongo. Kuhama baadaye inawezekana, Jason Robinson alitoka winga wa Wigan akahamia ya 15 na ndo aliyeifungia England trai kwenye fainali ya dunia 2003.

Mama Wawili:
Kaka mwambie na dada yako ukweli, mimi ni muuguzi, mchezo ule vichwa vinagongana. Mtu akigongwa kichwa atolewe apimwe, asirudi uwanjani kishujaa. Na winga anaishi kwa miguu yake, msuli wa paja ukichanika chaneli imefungwa. Shule asiache.

Mjomba wa Nkuhungu:
Nashukuru sana wakuu, dada yangu nimemsomea ya Mama Wawili kasema huyo ndo mtu mwenye akili humu. Leo nimezunguka soko la Majengo kutafuta mpira wa ragbi, ule wa umbo la yai, muuzaji mmoja nilipomwonyesha picha kaniambia huo umetengenezwa vibaya rudisha ulikonunua. Nikachukua wa kawaida, jioni nikamrushia dogo juu juu kama alivyosema Babu, mara 10. Kadondosha 7.

kitunguu_saumu:
Upepo huo mkuu 😂