Nyumba ya kona: kamera moja ya nyuzi 180 au tatu za kawaida?

KonaGoba
Wakuu, habari za kazi. Nyumba yangu iko kona, kiwanja mita 25 kwa 20. Mbele kuna geti na sehemu ya kuegesha gari, ubavuni kuna kichochoro kinachoshuka bondeni. Mwezi uliopita walikuja usiku, wakang'oa vioo vya pembeni vya gari na taa moja ya nyuma. Kamera ninayo, lakini inatazama mlango wa mbele tu. Nilichoambulia ni mguu wa mtu unaopita ukingoni mwa picha.

Sasa nataka kufanya kitu cha maana. Nimepewa njia tatu: kamera moja ya panorama yenye lenzi mbili zinazounganisha picha, nyuzi 180, ifungwe kwenye kona ya nyumba, au tatu za kawaida za megapikseli 4, au moja inayozunguka. Ukijumlisha kebo na ufundi, gharama zinakaribiana. Waliozitumia naomba mnisaidie, hasa kwa usiku.

BintiMtwapa
Pole sana kwa hasara. Mimi nilikuwa na kamera nne za kawaida, nikaziondoa mbili za mbele nikaweka panorama moja, na sirudi nyuma. Kwa zile nne, mtu akipita ilibidi nimtafute: ametoka kwenye picha hii saa ngapi, ameingia kwenye ile saa ngapi, na kati yake kuna pengo la hatua tano ambapo hujui alifanya nini. Na saa za kamera zenyewe zilikuwa zinapishana. Kwa panorama namwona tangu anapotokea kwa jirani, anasimama, anachungulia, anaondoka. Habari yote ni moja.

Huku pwani nitakuongezea hili: chumvi inakula. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na kiungio cha kebo usikiache kinaning'inia nje, kiweke ndani ya kisanduku kilichozibwa. Na ufagio uwe karibu, buibui wanapenda sana ile joto na mwanga wa kamera. Utando mmoja mbele ya lenzi na usiku kucha simu inalia.

FundiNyamagana
Dada amesema kweli kuhusu kufuatilia mtu. Lakini mkuu KonaGoba, kabla ya kununua tazama kwanza umbo la nyumba, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kona ya nyumba kwa nje ina nyuzi 270. Kamera yako inaona 180. Ukiifunga pale ikitazama mshazari, zinabaki nyuzi 45 kila upande, na hizo ni zile zinazokwenda sambamba na ukuta wako. Madirisha yako yako huko. Mtu anayetembea ameegemea ukuta hataonekana kabisa. Ukiihamishia kwenye kona ya uzio ikitazama ndani, hapo unahitaji nyuzi 90 tu na nusu ya picha itakuwa tofali. Panorama ya nyuzi 180 mahali pake ni katikati ya ukuta ulionyooka, urefu wa mita 3 hivi.

Sasa upande wa picha. Chora nusu duara yenye kitovu kwenye kamera, umbali wa mita 10. Urefu wake ni mita 31.4. Kamera kama Reolink Duo 2 ina pikseli (vile vitone vinavyounda picha) 4608 kwa upana, kwa hiyo kila mita inapata 147. Duo 3 ina 7680, inapata 244. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, toleo la 2014, kilitaka pikseli 250 kwa mita ili umtambue mtu usiyemjua, 125 kama ni mtu unayemfahamu, na 25 kujua tu kwamba kuna mtu. Kamera ya kawaida ya megapikseli 4 yenye lenzi ya milimita 4 inaona kama nyuzi 80, na pale kwenye mita 10 inatoa karibu 180. Kwa hiyo si kweli kwamba panorama zote zina picha hafifu, na si kweli pia kwamba megapikseli nyingi zinatosha. Kwenye mita 20 gawa hizo zote kwa mbili.

Na hizo ni hesabu za mchana. Usiku taa za infraredi za panorama, zile ambazo jicho halizioni, zinasambaza mwanga uleule kwenye eneo pana, pembeni panabaki na giza. Mtu akitembea haraka uso unakuwa ukungu hata kama pikseli zipo.

KonaGoba
Fundi, hapo kwenye nyuzi 270 umeniokoa. Aliyenipa bei alisema kona ndiyo mahali pake. Na ile inayozunguka?

FundiNyamagana
Inafaa kama kuna mtu amekaa kwenye skrini anaiongoza, kwenye yadi au kiwandani. Nyumbani, ikiwa imegeukia geti, kichochoro hakina kamera.

MzeeWaMuscat
Nami nichangie kidogo. Nipo Muscat, najenga Bagamoyo, na kamera ndiyo macho yangu kule. Nilianza na panorama ya sola yenye laini ya simu. Mambo mawili nimejifunza kwa fedha yangu.

Kwanza, nyingi za betri hazirekodi muda wote. Zinalala, zikihisi joto la mwili zinaamka. Lori la mchanga lilishusha mzigo pungufu, nikapata picha za lori likiondoka tu. Kwa nyumba inayokaliwa na yenye umeme, vuta kebo ya mtandao inayobeba umeme na picha pamoja, PoE, inafika hadi mita 100. Hakikisha kebo ni ya shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Rekoda na swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kebo za kamera, ziweke kwenye UPS, yaani betri ya akiba, kwa sababu wezi nao wanajua umeme umekatika.

Pili, data. Picha ya megabiti 8 kwa sekunde ikirekodi mfululizo inakula GB 86 kwa siku. Diski ya TB 2 inakupa kama siku 23, vizuri kabisa. Lakini ukitaka kuitazama ukiwa mbali kwa bando, tumia mkondo mdogo, yaani picha ya ubora wa chini. Na ujue kwamba panorama kwenye simu ni utepe mwembamba, lazima uvute picha ndipo uone kitu.

JiraniMwema
Jamani mnasahau majirani. Kamera ya nyuzi 180 haichagui. Yangu niliifunga kwa furaha, baada ya wiki mama wa nyumba ya pili akaja kwa adabu sana, akanionyesha kwamba bafu lao la nje linaonekana lote. Niliona aibu. Kwenye programu ya kamera kuna sehemu ya kuziba eneo kwa rangi nyeusi, nikaziba mbele yake aone mwenyewe. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata bila sheria, mtu ana haki ya kuoga bila kurekodiwa.

BintiMtwapa
Kweli kabisa, hilo nilipaswa kulisema mwanzo. Na jambo jingine: pale lenzi mbili zinapoungana, mtu aliye karibu sana, mita mbili au chini, anaweza kuonekana amekatika katikati. Kwa hiyo usielekeze mshono huo kwenye mlango.

KonaGoba
Nimewaelewa. Sasa nafikiria hivi: panorama ya pikseli 7680 katikati ya ukuta wa mbele, ione gari na barabara yote. Kisha kamera moja ya milimita 6, lenzi inayoona eneo jembamba kwa karibu zaidi, kwenye nguzo ya geti kwa ajili ya sura tu. Kichochoro nikipe kamera yake ya milimita 4 inayotazama sambamba na ukuta. Na kama bafu la jirani litaonekana, nitaliziba siku hiyohiyo.

FundiNyamagana
Huo ndio mpangilio ningeufunga kwangu. Ya geti usiipandishe juu, mita 2 na nusu inatosha, la sivyo utarekodi kofia. Na kabla hujatoboa ukuta, funga ile panorama kwenye ngazi kwa kamba, subiri saa mbili usiku, mtume kijana apite karibu na gari mara moja akitembea na mara moja akikimbia. Weka picha hizo hapa tuzione.

KonaGoba
Kesho jioni naazima ngazi.