Mada: Semina ya siku 2 inamtosha mhudumu wa jamii kuingia kwenye ugomvi wa ndoa?

Mkufunzi wa Kata
Wanajamvi, heshima kwenu. Mafunzo mengi ya kuwaandaa watu wa ngazi ya jamii kuukamata ukatili wa majumbani ungali mchanga ni ya siku 2: ukumbi wa kata, chai na chapati, kitini, picha ya pamoja, kwaherini. Waliomo ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wajumbe wa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, viongozi wa vikoba. Msimamo wangu ni kwamba siku 2 afadhali zifutwe. Zinamtoa mtu anayejua kutambua, asiyejua kuuliza wala pa kumpeleka aliyemjibu. Anamuuliza mama pale uani, mawifi wanaosha vyombo pembeni. Jioni swali limeshamfikia mume, na mama anapigwa kwa kosa jipya la kumtangaza.

Nataka siku 5 kwa uchache, nusu ya saa zote ziwe za kuigiza. Watu watatu watatu: mmoja mhudumu, mmoja mama, mmoja mtazamaji mwenye karatasi anayehesabu mhudumu amekatiza mara ngapi, amehukumu mara ngapi, ametoa ushauri asioombwa mara ngapi. Duru ya kwanza "vumilia" na "achana naye" hutoka hata kabla mama hajamaliza sentensi ya tatu. Ndiyo maana duru zinatakiwa nyingi. Baada ya hapo kikao cha nusu siku kila mwezi kwa miezi 6, afisa ustawi akiwepo. Na tusisahau tunashindana na makungwi: mhudumu anajenga miezi 6, kungwi anabomoa usiku mmoja na "siri ya ndani haitoki nje".

Semeni.

Mhasibu Mdogo
Hoja nzuri, fungu liko wapi? Watu 30 kwa siku 5, nauli na chakula 20,000 kila mmoja kwa siku, hiyo ni milioni 3 na mkufunzi hajalipwa. Bado hivyo vikao 6 vya kila mwezi. Punguza watu, mkuu. 12 wanaotoka mitaa 6, wawili kila mtaa, mwanamke na mwanaume. Na usiwafungie siku 5 mfululizo, maana mama mwenye genge hawezi kulifunga wiki nzima. Fanya asubuhi 10, mara 2 kwa wiki. Saa ni zilezile, na katikati wanapata muda wa kujaribu walichojifunza.

Bint Pangani
Ndugu mleta mada, hayo ya siku 2 na siku 5 nakuachia. Makungwi wamekukosea nini? Hao wahudumu wako wanapimwa kwa kuhesabu "vumilia", lakini mwili wa mwanamke wanauona wapi? Wanaona uso na kanga. Somo, yule mama anayemfunda mwali, anapomsinga anamwona mzima. Anayemkanda mzazi kwa maji ya moto anamwona kila siku mpaka arobaini. Alama za vidole mkono wa juu, upande wa ndani, pale mkono mrefu wa gauni unapofunika, nani ataziona kabla yake? Mnatafuta kugundua mapema, na aliye wa mapema kuliko wote mnamwita mbomoaji.

Nyakati Mpya
Kuona ni kitu kimoja, dada. Akishaona anasema nini? "Mwanangu, ndoa ina mitihani." Ndilo lalamiko la mleta mada.

Bint Pangani
Na mchungaji anasema nini? Sheikh je? Mwenyekiti wa mtaa anayewaambia "nendeni mkayamalize nyumbani"? Hao mbona wamepewa viti vya mbele kwenye semina na kungwi hata barua hakupata?

Mwana Masasi
Tuwekane sawa kwanza, mnachanganya watu. Somo, kungwi na nyakanga msiwaweke kapu moja. Nyakanga ni mkuu wa unyago, ana mamlaka juu ya kundi zima la wali. Somo wa pwani ni wa mwali mmoja, na uhusiano wao haufi. Hata mtu akiwa na wajukuu bado ana somo wake. Ukisema "makungwi" ukiwa Dar watu wanafikiria wanaokodiwa kwenye kitchen party. Mafunzo ya hawa hayawezi kuwa mamoja.

Nyakati Mpya
Sasa mada imegeuka unyago.

Nesi wa Zamu
Niwarudishe kidogo, kwa kuwa kuna vitu vya kufundisha ambavyo havingoji tumalize ya makungwi.

Mhudumu wa jamii asifundishwe kuchunguza wala kusuluhisha. Afundishwe mambo 5 ya Shirika la Afya Duniani: kusikiliza, kuuliza anachohitaji, kumwonyesha kuwa anaaminiwa na hana lawama, kupanga naye usalama, kumuunganisha na msaada. Halafu maswali 6 ya hatari. Kipigo kimezidi au kimekuwa kikali zaidi miezi 6 iliyopita? Amewahi kutumia silaha au kukutishia nayo? Amewahi kukukaba? Unaamini anaweza kukuua? Amekupiga ukiwa mjamzito? Ana wivu mkali usiokoma? Ndiyo 3 au zaidi ni hatari kubwa ya papo hapo, na hapo panatakiwa mpango wa usiku huohuo.

Swali la kukaba ndilo linalorukwa, maana mara nyingi shingo haina alama. Fundisheni dalili: sauti imekwaruza, anameza kwa shida, vidoa vyekundu kwenye weupe wa macho, alijikojolea au alizimia. Huyo anakwenda hospitali siku hiyohiyo hata akisema yuko sawa, kwa sababu uvimbe wa ndani unaweza kuziba njia ya hewa saa kadhaa baadaye.

Kama kuna kubakwa, dawa za kuzuia VVU zina mwisho wake wa muda, saa 48.

Famasia
72, nesi. Saa 72, na dozi ni siku 28. Kila saa ikipita nguvu inapungua, kwa hiyo asiambiwe "bado una muda". Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndiyo inakwenda mpaka siku 5.

Nesi wa Zamu
Sahihi, 72. Asante kwa kusahihisha.

Baba Ilemela
Yaani mtu wa kugawa vyandarua leo aingie chumbani kwangu kuuliza wivu wangu unakoma lini. Haya ni mambo ya watu wawili. Sheria ya Ndoa yenyewe inamruhusu mume kumrudi mkewe kidogo.

Wakili wa Mtaa
Hapana kaka. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: mila iseme isemavyo, hakuna mwenye haki ya kumpa mwenza wake adhabu ya kipigo. Kinamlinda mume vilevile. Hakuna "kidogo" humo.

Na hapa ndipo wahudumu wengi wanapopotea. Wanampeleka mama aliyevimba uso kwenye baraza la usuluhishi la ndoa wakidhani wamemfikisha kwenye haki. Kazi ya baraza ni kusuluhisha mgogoro wa ndoa, na kwa kawaida huwezi kufungua shauri la talaka bila kupita huko. Kumpiga mtu ni jinai, njia yake ni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Mwanamke anaweza kutumia njia zote mbili, lakini mhudumu azijue ni mbili. Tena Tanzania Bara hatuna sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani, kwa hiyo hakuna amri ya haraka ya kumtoa mpigaji nyumbani. Anayehama karibu kila mara ni mama na watoto, na mpango wa usalama lazima uanzie kwenye ukweli huo.

Mombasa Raha
Huku Kenya sheria ya kumkinga mtu na dhuluma ya nyumbani tunayo tangu 2015, na korti inaweza kutoa amri ya ulinzi. Namba ya bure ni 1195. Wahudumu wa jamii wanalipwa 5,000 za Kenya kwa mwezi. Na bado chifu anaitisha kikao wanakula mbuzi, kesi inakwisha. Msidhani sheria peke yake itawatoa.

Baba Ilemela
Wakili, sijasema mimi napiga mtu, usinigeuze mfano. Ninachosema ni kuwa kwenye semina zenu mwanaume anaingia kama mtuhumiwa. Hakuna anayekaa naye kabla hajafika huko. Mnataka "mapema" ya upande mmoja.

Mkufunzi wa Kata
Baba Ilemela, hapo umegusa kitu. Kampala walijaribu mradi wa SASA! kwenye maeneo 8, 4 yakapata na 4 yakangoja, na wanaharakati walikuwa majirani wa kawaida, wake kwa waume, wanaozungumza kibarazani kuhusu nguvu na matumizi yake. Baada ya karibu miaka 3, vipigo kutoka kwa wenza ndani ya mwaka uliopita vilikuwa chini kwa 52% kuliko kule ambako haukufika. Jirani alizungumza na mwanaume kabla hajawa kesi.

Takwimu Tupu
Tahadhari na hiyo 52%. Maeneo 8 ni machache, makadirio yake yana upana mkubwa sana, yaani namba halisi inaweza kuwa mbali na 52. Linganisheni na Rwanda, mradi wa Indashyikirwa. Wenza walioketi pamoja vikao 21, ukatili kati yao ulipungua waziwazi. Baadhi yao wakaandaliwa kuhamasisha majirani, na tathmini haikuona ukatili umepungua kwenye jamii nzima. Kwa hiyo swali la siku 2 au siku 5 ni dogo. Anayefundishwa ni mjumbe au ni wenza wenyewe?

Mhasibu Mdogo
Vikao 21! Bajeti yangu imeanguka tena.

Bint Pangani
Naona kila mtu amejibiwa isipokuwa mimi. Wenza wakae vikao 21 na mgeni mwenye kitini, wakati somo yuko tangu kabla ya harusi?

Mwana Masasi
Bint Pangani ana haki yake. Ila somo naye akifundishwa kuna mtego. Nguvu yake yote ni kutunza siri. Siku itakayojulikana kuwa anapeleka majina kwa mtendaji, hakuna nyumba itakayomwita, na yale macho mnayoyataka yamepotea.

Nesi wa Zamu
Basi asipeleke majina. Afundishwe vitu 3 tu: kuacha neno "vumilia", maswali 6, na kumsindikiza mwanamke mwenyewe akikubali. Kwa mtu mzima, ridhaa ni yake. Mtoto akiwa hatarini hapo hakuna siri, namba ya msaada kwa mtoto, 116, inapigwa bure. Kingine, ajue Kituo cha Mkono kwa Mkono kilicho karibu kiko jengo gani na mlango upi. Daktari, polisi na ustawi wanapatikana humo, mama harudii maelezo meza 4. Na mwenye jeraha la hatari atibiwe kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, itafuata.

Mkufunzi wa Kata
Bint Pangani, nimeteleza kwa neno "kubomoa". Nililenga usemi, nikawapiga watu. Sasa nisaidie: akina somo wakae na wahudumu ukumbi mmoja?

Bint Pangani
Nimekuelewa. Hapana, usiwaweke ukumbini na wanaume. Wape chumba, mkeka, mlango ufungwe, asubuhi 4 badala ya 10, na mwezeshaji awe mwanamke aliyewazidi umri au anayelingana nao. Wengine hawasomi, kwa hiyo maswali 6 wayashike kwa vidole: vitano vya mkono mmoja na gumba la pili ni la kukaba. Hicho kitini kibakie hukohuko. Jalada lake lina picha ya mwanamke mwenye jicho jeusi. Ukimkuta nacho mtu kapuni, mumewe atauliza kimetoka wapi.

Famasia
Na namba ya dawati isiandikwe "Dawati" kwenye simu. Simu zinapekuliwa. Iandikwe kwa jina la fundi cherehani au muuza vitenge, na mama apigiwe jaribio moja akiwa palepale na mhudumu, ajue sauti itakayopokea.