Mliofanyiwa upasuaji wa ligamenti ya goti (ACL), mwendo wenu ulirudi? Tupeane uzoefu

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi. Mwaka jana mwezi wa nane, kwenye mechi ya walimu, niligeuka ghafla kumfuata mshambuliaji. Mguu wa kushoto ukabaki chini, mwili ukaenda. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia "ko!" ndani ya goti, na hadi magharibi lilikuwa limevimba, suruali haipandi. Eksirei ikaonyesha mifupa mizima, nikaambiwa ni mshtuko tu, nikachuliwa wiki tatu. Kipimo cha MRI, kinachoonyesha hadi nyama za ndani, ndicho kilichosema ukweli baadaye: ligamenti ya mbele (ACL), ile kamba inayounganisha mifupa ya goti, imekatika yote. Januari nikafanyiwa upasuaji, wakachukua kano za nyuma ya paja langu mwenyewe kutengeneza mpya.

Sasa ni mwezi wa tano. Maumivu hayapo, lakini mwendo si wangu. Binti yangu wa miaka sita aliniambia, "Baba, nikikusikia koridoni najua ni wewe. Mguu mmoja unasema ta, mwingine unasema shwaa." Neno lile halikunitoka. Usiku nikageuza kandambili zangu nikaziangalia kwa tochi ya simu. Ya kulia imelika kisigino mpaka rangi ya chini imetokeza. Ya kushoto kisigino bado kina mistari kama imetoka dukani, iliyolika ni sehemu ya vidole. Kumbe miezi yote hii natua kwa kidole upande wa kushoto na sijui!

Naomba waliopita huko waseme: mlikuwa mnatembeaje, na ni kitu gani hasa kilichowarudisha?

Mchangiaji, Tanga

Pole sana mwalimu. Mimi nilikuwa mchezaji wa netiboli. Wanaoujua mchezo wanajua: ukidaka mpira hewani unatakiwa kutua na kusimama palepale, na ni katika kutua hivyo ndipo goti langu lilipokwenda. Sasa ni miaka mitatu tangu upasuaji.

Kosa langu lilikuwa mto. Kila nikilala niliweka mto chini ya goti kwa sababu ndivyo nilivyopata nafuu, na nyumbani kila mtu aliniwekea kwa huruma. Wiki ya sita goti likawa halinyooki. Nikilala chali, vidole vyangu viwili vinapita chini yake. Mguu usionyooka ni mguu mfupi, nilikuwa nachechemea kama mtu aliyekanyaga mwiba. Fizio wangu (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) aliutoa ule mto siku ya kwanza tu, akaniambia taulo iwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie lishuke lenyewe, dakika kumi mara kadhaa kwa siku. Nililia, sifichi. Ilichukua karibu miezi minne kulala flati.

Kukunja nako kulikuwa na safari yake. Niliswali kwenye kiti miezi saba. Choo cha kuchuchumaa sikukiweza, nilikuwa nahesabu saa nikienda ugenini. Siku niliyokaa tahiyatu mara ya kwanza, makalio yakagusa kisigino, nilikaa pale baada ya kutoa salamu, sikutaka kunyanyuka.

Mchangiaji, Likoni

Mimi sikufanyiwa upasuaji, pesa haikupatikana, kwa hivyo naeleza upande huo pia. Niliangushwa na bodaboda miaka miwili iliyopita. Kwenye barabara tambarare natembea sawa, ukiniona hutajua. Shida yangu ni feri. Ile miteremko ya kushukia kwenye feri, na watu wamejaa nyuma wanasukumana, hapo goti huachia ghafla kama halina mwenyewe. Nilizoea kulikaza, mguu mzima nautupa mbele kama gongo. Baadaye nyonga na kiuno vikaanza kuuma upande wa pili.

Nilipoanza mazoezi ya paja kwa bidii, goti limeacha kuachia kwenye mteremko. Kugeuka haraka bado siwezi. Mizigo kichwani nimeacha kabisa. Sisemi upasuaji hauna maana. Nasema tu asiye nao asikae bure.

Mchangiaji (fizio), Mwanza

Niruhusuni nieleze kinachotokea, maana wagonjwa wangu wengi hudhani upasuaji ndio mwisho wa kazi.

Mtu mwenye goti zima, kisigino kikigusa chini, goti hukunja kidogo, digrii kama 15 hadi 20, lipokee uzito. Msuli mkubwa wa mbele ya paja ndio unaoshika breki hapo. Goti likiumia na kujaa maji, ubongo huuzima ule msuli. Si uvivu wa mgonjwa. Paja linakonda ndani ya wiki chache, na mwili unajifunza njia ya mkato: kulikakamaza goti, kukanyaga kwa vidole, kuharakisha hatua ili uzito urudi kwenye mguu mzima. Mwalimu, ile "shwaa" ya mtoto ni hiyo hasa. Upasuaji umerudisha kamba, lakini haukufuta mazoea.

Ninachoangalia kwanza ni kunyooka. Bila goti kunyooka kama la pili, mazoezi mengine yote yanajengwa juu ya mwendo mbovu. Pili, kukaza msuli wa paja: lala, kandamiza goti kwenye godoro, hesabu mpaka tano. Tatu, jifunze kutembea upya, polepole, kisigino kwanza, mbele ya kioo au mtu akikuangalia. Ngazi: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza unaouma. Ila kama walishona pia meniskasi (gegedu la ndani ya goti), masharti ya kukunja na kubeba uzito hubadilika, mfuate aliyekupasua.

Na usiniulize mbio mwezi wa tano kwa sababu hakuna maumivu. Kano iliyopandikizwa kwanza hudhoofika, ndipo mwili huanza kuigeuza kuwa ligamenti. Maumivu huisha mapema kuliko kazi hiyo.

Mchangiaji, Dodoma

Dokta, hilo la mwisho naliwekea saini. Mwezi wa tano baada ya upasuaji nilijiona nimepona, natembea vizuri, wenzangu wananiita uwanjani. Dakika ya ishirini nikasikia ule mlio tena. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, maana kano ya kuchukua nayo imebaki ya mguu mwingine, unaumwa kote kuwili.

Vijana mnaosoma hapa, angalieni Van Dijk wa Liverpool. Aliumia Oktoba 2020, mechi ya mashindano akaja kuicheza Agosti 2021. Huyo ana madaktari na vifaa vyote kila siku. Mimi nilikuwa na barafu ya dukani na haraka. Safari hii nimengoja miezi kumi na moja, na sikurudi mpaka niliporuka kwa mguu mmoja mmoja umbali ukalingana.

Mleta mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Dada wa Tanga, ulipotaja mto niligeuka nikautazama wangu kitandani. Upo palepale chini ya goti tangu Januari! Hakuna aliyewahi kuniuliza nalalaje.

Jana nimekwenda kwa fizio, akanilaza na kunipima. Goti la kushoto limebaki digrii sita halijanyooka. Paja nalo, kwa futi ya fundi cherehani, ni jembamba kwa sentimita tatu. Amenipa taulo na mazoezi ya kioo, turudi kuonana baada ya wiki tatu. Mazoezi ya mbio na wanafunzi nimemwachia mwenzangu mpaka Oktoba.

Nimenunua kandambili mpya leo sokoni, zote mbili zina mistari kisigino. Binti ndiye kioo changu: anakaa mwisho wa koridoni, mimi natembea kwenda kwake, yeye amefumba macho anasikiliza. Jioni hii, kati ya hatua kumi na mbili za mguu wa kushoto, amehesabu "ta" tano. Hizo nyingine bado anasema shwaa.