Kumtafuta babu baharia wa Cardiff: ishikeni nyumba kwanza, jina litafuata

Kutoka: R.S., Birmingham

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Naomba msaada wa wale waliowahi kupekua sensa za zamani za hapa Uingereza. Babu yake mama yangu alikuwa baharia, mtu wa Malindi ya Unguja. Alikuja Cardiff kabla ya Vita Kuu vya Kwanza, akaoa mwanamke wa Kiwelshi, na damu yake ipo huku mpaka leo. Mama ameshakuwa mtu mzima sana na anachokitaka ni kimoja tu, aonyeshwe mahali alipokuwa akiishi babu yake. Tulichonacho ni bahasha yenye anwani ya Loudoun Square, muhuri wa posta umefutika. Jina lake nimeliandika kwenye tovuti za ukoo kwa kila namna ninayoijua, hakuna kitu. Anwani nimeitia kwenye ramani ya simu, nikapelekwa kwenye maghorofa ya juzijuzi. Kuna njia nyingine?

---

Kutoka: A.M., Cardiff

Wa alaykum salaam dada R., na mama mpe shikamoo yangu.

Njia ipo, na mlango wake ni hiyo bahasha. Kila familia inayonijia kwa kazi hii naiambia neno hilohilo: ishikeni nyumba kwanza, jina litafuata.

Jina la babu yenu liliandikwa na watu waliolisikia kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo. Mtu wa Pwani hujitaja kwa jina lake na la baba yake. Karani wa bandari alitaka jina la ukoo, akachukua lililotamkwa mwisho. Hamisi anaweza kusomeka Amis, Hames, au James kabisa. Miaka mia baadaye akaja mtu wa kunakili kwenye kompyuta, mwandiko ukamshinda, akaongeza lake. Tena majina kama Mabruki, Feruzi na Baraka waliitwa mabaharia wengi, kwa hiyo hata ukilikuta jina huna hakika umemkuta mtu. Mtaa wa Kiingereza haukupata misukosuko hiyo. Loudoun Square utaikuta Loudoun Square, au mara nyingine Loudon. Ukitafuta kwa anwani badala ya jina, tovuti kubwa za sensa zitakuletea wote waliolala nyumba ile usiku wa kuhesabiwa.

Sasa ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland, National Library of Scotland, imeweka mtandaoni bure ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali, pamoja na za Wales na England. Acha zile za inchi sita kwa maili. Chukua za inchi 25 kwa maili, ambazo kila nyumba ina umbo lake na uani wake wa nyuma. Chagua toleo lililo karibu na miaka ya bahasha, lilaze juu ya picha ya setilaiti, kisha liififishe taratibu kwa kile kitufe cha kuburuta. Utaiona bustani ya katikati na nyumba zilizoizunguka. Zilijengwa miaka ya 1850 kwa ajili ya manahodha na wafanyabiashara wa bandari. Wenye uwezo walipohama kwenda mbali na gati, majumba yale yakawa ya kupangisha mabaharia wa kila upande wa dunia. Miaka ya 1960 yakavunjwa, yakajengwa maghorofa hayo uliyoyaona.

Taabu ya ramani hizi ni kwamba namba za nyumba hazimo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo sensa ya tarehe 2 Aprili 1911 inapofaa kuliko zote. Mbali na fomu ya kila nyumba, karani wa sensa alikuwa na daftari la muhtasari. Ameorodhesha humo kila jengo kwa mpangilio wa njia yake, lenye watu na lisilo na watu, kanisa, ghala, duka, baa. Lifungue daftari hilo pembeni ya ramani. Kwenye ramani tafuta herufi P.H., hiyo ni baa, na mtaa wa bandari usio na baa kwenye kona ulikuwa nadra. Ikiwa daftari limetaja baa, kisha nyumba kadhaa, kisha kanisa, weka kidole kwenye baa uhesabu viambaza mpaka kanisani. Kisha geuka, hesabu kutoka kanisani kurudi kwenye baa. Hesabu zikikutana kwenye jengo lilelile, hiyo ndiyo nyumba yenu.

Usidhani namba zinapanda moja baada ya moja upande mmoja wa njia. Mitaa mingi ya Uingereza ina witiri upande huu na shufwa upande wa pili, ila kwenye viwanja vya mraba mara nyingi namba huzunguka. Hesabu ikikataa kufunga, tafuta kitabu cha anwani cha mji cha miaka hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Leicester kimeviweka vingi mtandaoni bila malipo, vya England na Wales, vikiwemo vile maarufu vya Kelly's. Vinaorodhesha mtaa kwa namba za nyumba na kukuambia ni wapi unakatana na mtaa mwingine, na hiyo njia panda utaikuta kwenye ramani.

Fomu yenyewe ya 1911 ilijazwa na mkuu wa nyumba kwa mkono wake. Kama babu alikuwa mpangaji, unachokisoma ni mwandiko wa mwenye nyumba. Safu ya mahali pa kuzaliwa isomeni kwa akili ya wakati ule. Kenya haimo, maana koloni lilipewa jina hilo 1920, na Tanganyika vilevile. Mtu wa Mombasa alitoka British East Africa, wa Tanga au Kilwa alitoka German East Africa. Huku Wales kulikuwa na safu ya lugha pia, ikiuliza habari za Kiwelshi na Kiingereza. Kila nikiiona safu hiyo kwenye fomu ya nyumba iliyojaa watu wa Pwani roho huniuma, kwa sababu najua lugha iliyozungumzwa mezani usiku ule, na fomu haikuiuliza.

Na akiwa hayumo, msivunjike moyo. Baharia huenda usiku huo alikuwa baharini. Fungueni orodha za mabaharia wa meli za biashara za 1915, zimenakiliwa na kuwekwa mtandaoni bure. Orodha hizo huandika umri, mahali pa kuzaliwa, meli iliyotangulia, na anwani ya nyumbani. Hiyo anwani ndiyo ya kuiwinda: andikeni jina la mtaa muone nani alilitaja.

---

Kutoka: J.K., London

Naomba niongeze kwa walio na wazee waliopitia London. Wengi walishukia Limehouse na Poplar, mitaa ya bandari ya mashariki ya London. Kwenye West India Dock Road kulikuwa na nyumba ya mabaharia wa Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki, ikiitwa Strangers' Home, iliyofunguliwa 1857. Ukikuta sensa imemweka mzee wako humo, jua kwamba hapo palikuwa pa kungojea meli, na makazi yake ya kudumu uyatafute kwingine.

London ina pia ramani za Charles Booth, mtafiti wa umaskini, za mwisho wa karne ya 19, zipo bure kwenye tovuti ya chuo cha LSE. Kila mtaa umepakwa rangi kwa kadiri ya umaskini au utajiri wa wakazi, kuanzia nyeusi mpaka njano. Zinasaidia sana kuona mtaa ulivyokuwa. Lakini ile rangi nyeusi ilimaanisha tabaka la chini kabisa, na maelezo yake yaliwaita watu waovu na nusu wahalifu. Hiyo ni hukumu ya watu wa nje waliopita njiani na kuandika. Ukiwaonyesha watoto wako mtaa wa babu yao umepakwa weusi, waambie hilo kabla hawajauliza.

---

Kutoka: R.S., Birmingham

Mwalimu A.M., Mungu akulipe. Nimetafuta kwa anwani na nimeziona fomu za 1911 za kiwanja kile. Kwenye nyumba yenye namba ya bahasha yetu wamo mabaharia wanne, wawili wamezaliwa Zanzibar. Mmoja umri wake unalingana, kazi yake mchochea makaa melini, na jina lake limeandikwa vibaya kiasi kwamba nisingelipata hata kwa mwaka mzima. Nikitaka kuwa na hakika nifanye nini? Na huyu bibi wa Kiwelshi nimemtafuta kwenye madaftari ya wapiga kura ya miaka ya 1930, hayumo. Pia niseme wazi, malipo ya hizi tovuti yameanza kunielemea.

---

Kutoka: A.M., Cardiff

Hongera dada. Hakika mtaipata kwa ushahidi wa pili unaotoka mahali pengine.

Anza na cheti cha ndoa. Kinataja makazi ya wote wawili siku ya ndoa, na majina ya baba zao. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto navyo vina anwani ya mzazi aliyekwenda kuandikisha. Mkiipata nyumba ileile kwenye cheti, shaka imekwisha.

Kisha tafuta kadi za mabaharia za 1918 mpaka 1921, zile za CR10. Kadi zenyewe zimehifadhiwa Southampton na picha zake zimewekwa kwenye tovuti ya ukoo ya Findmypast. Zina tarehe na mahali pa kuzaliwa, kimo, alama za mwilini, na nyingi zina picha ya mtu mwenyewe. Mama yako anaweza kuuona uso wa babu yake. Nimewahi kukaa na familia ilipofunguliwa kadi ya namna hiyo, bibi mmoja akashika kidevu cha mjukuu wake akakigeuza kwenye kioo cha kompyuta, wala hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu.

Sensa ya 1921 ilipigwa tarehe 19 Juni, na inafaa kwa kuwa inataja na mwajiri. Ilipotoka Januari 2022 mtandaoni ilikuwa ya kulipia, ila ukienda mwenyewe Kew kwenye The National Archives, Manchester Central Library au Maktaba ya Taifa ya Wales pale Aberystwyth, uliisoma bure. Kabla ya kulipa popote uliza maktaba ya mtaani kwako, maana nyingi zina kompyuta zenye tovuti za ukoo kwa wasomaji wao. Akiwa hayumo 1921, kumbukeni yaliyotokea Cardiff Juni 1919. Watu weusi na Waarabu walivamiwa majumbani, watu watatu wakafa, na wapo waliorudishwa makwao baada ya hapo. Wapo pia waliohama nyumba.

Baada ya 1921 kuna pengo kubwa. Sensa ya 1931 ya England na Wales iliungua kwa moto Desemba 1942, ya 1941 haikupigwa kwa sababu ya vita, na ya 1951 haifunguliwi mpaka 2052. Walioko Glasgow wana bahati, ya Scotland ya 1931 ilinusurika, ingawa nayo haifunguliwi mpaka miaka mia itimie. Kinachoziba pengo ni ule usajili wa wakazi wa tarehe 29 Septemba 1939, uitwao 1939 Register, wenye anwani, kazi na tarehe kamili ya kuzaliwa. Baharia aliyekuwa melini hayumo, lakini mke na watoto wamo, ingawa waliozaliwa chini ya miaka mia iliyopita hufunikwa mpaka ithibitike wamefariki.

Ama huyo bibi, usishangae. Kwa sheria ya wakati ule mwanamke Mwingereza aliyeolewa na mtu aliyehesabiwa mgeni aliupoteza uraia wake, na kura ikaenda nao. Na mtu wa Zanzibar alikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tu, hakuwa raia wa Mfalme. Bibi yenu alizaliwa Wales, akakaa Wales, akafanywa mgeni kwa sababu ya kumpenda mtu wa Unguja. Kutokuwemo kwake kwenye daftari huenda ndiko kunakowaonyesha kuwa mmemshika mtu sahihi. Mtafuteni kwenye usajili wa 1939.

---

Kutoka: M.K., Muscat

Nakusalimuni nyote. Mama akishaonyeshwa Cardiff atauliza na upande wa Unguja, kwa hiyo anzeni mapema. Kule kwetu msitegemee sensa. Hesabu za 1948 na 1958 zitawapa idadi ya watu, majina ya watu wa nyumbani hamtayaona. Mji Mkongwe nyumba hujulikana kwa mtaa, msikiti ulio karibu na majirani. Nendeni Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani mkaulize hati za mauzo, rehani na wakfu. Hati ya zamani huitaja nyumba kwa mipaka yake minne: kaskazini nyumba ya fulani, kusini njia, mashariki kiwanja cha wakfu, magharibi nyumba ya fulani mwingine. Hati moja ikikupa jirani, hati ya jirani inakurudisha kwako. Wekeni kando ramani ya mji ya 1892, muone misikiti ya Malindi ilivyokaa. Lakini kabla ya yote hayo, mkalisheni mama mumuulize wazee wake walikuwa wakiswali msikiti gani.

---

Kutoka: R.S., Birmingham

Ahsanteni sana wote. Nimemuuliza mama leo asubuhi. Jina la msikiti halikumjia, ila amewakumbuka majirani wawili na mwenye duka la kahawa, nimeyaandika yote. Cheti cha ndoa nimeshakiagiza. Fomu ya 1911 nimeichapisha kwa herufi kubwa, amekaa nayo dirishani.

Jumamosi ijayo tunamleta Cardiff inshallah. Daftari la karani na ramani vimekubaliana, nimeshaweka alama. Mama anatumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo naomba mwenyeji aniambie pa kuegesha gari karibu na Loudoun Square, na kama kuna mahali pa kuswali adhuhuri pasipo na ngazi. Mwalimu A.M., ikiwa una nafasi siku hiyo, mama anaomba awe nawe tutakapohesabu nyumba.